Mtoto wa miaka 2 na miezi 9 ameambiwa ana usonji (autism) kwa karatasi ya maswali 20. Yatosha hiyo?

Baba Babu, Amu

Assalamu alaykum jamaa. Naomba msaada wa wanaojua. Wa kunipa pole nishapewa za kutosha.

Mimi ni nahodha, napakia abiria baina ya Amu, yaani kisiwa cha Lamu, na Mokowe. Mwanangu ana miaka 2 na miezi 9. Cheti kina jina refu, lakini nyumbani na mtaa mzima wa Langoni aitwa Babu, kwa sababu amerithi jina la marehemu babangu na mamangu hawezi kulitamka jina la mumewe. Hata mimi jina lake la cheti hulikumbuka nikiwa mbele ya karani.

Babu haongei. Ana maneno mawili matatu, na hayo hayatumii kuomba. Akitaka maji hunishika kifundo cha mkono, hunivuta hadi kwenye mtungi, auweka mkono wangu juu ya kata, kisha angoja. Usoni haniangalii. Mkono wangu ndio anaosema nao. Feni ikiwaka hulala chali chini yake mpaka stima ikatike. Punda wakipita uchochoroni na mawe ya kujengea, na mwenye punda anapiga kelele, Babu hageuki. Lakini mashini ya boti ikiwaka kule mbali, mimi mwenye kazi yangu sijaisikia, yeye ashasimama mlangoni. Mamangu asema mtoto hasikii. Mimi nasema asikia anachokitaka.

Tukampeleka kliniki moja nje ya Lamu. Tulivuka alfajiri, tukapanda basi, njia nzima hakulala, tukafika ana usingizi na njaa. Dada mmoja akatusomea maswali ishirini ya ndiyo na hapana, mbio mbio, mama yake akijibu huku amembeba. Akamwita kwa jina la kwenye cheti. Mtoto kimya. Akamwita tena, kimya. Akaandika. Akahesabu kwa kalamu, akasema, "Amepata 9, ana usonji, tafuteni shule maalum," akalitia hilo neno kwenye kitabu cha kliniki. Tukatoka. Masikio hayakuulizwa, wala hakuna aliyekaa chini kucheza naye.

Mke wangu tangu siku hiyo amekuwa mtu wa kunyamaza. Mamangu anamnywesha mtoto kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini. Kakangu asema ni simu. Mimi nataka kujua: karatasi ile ndiyo kipimo chenyewe? Na hiyo ADOS ninayoisikia kuwa ndiyo ya kupimia usonji, ni mashini, ni sindano, ni nini? Na kama kuna kipimo cha haki, twakipata wapi sisi wa visiwani?

Mjomba wa Kizingitini

Nahodha, watoto wa kiume huchelewa. Mimi naambiwa nilifunga mdomo mpaka miaka minne, sasa wanaomba nifunge tena. Ficha simu, mpe pweza, mpeleke akacheze na wenzake. Hizi karatasi za kizungu zitawafanya watoto wetu wote wagonjwa.

Mama Nuru, Malindi

Mjomba, shikamoo. Nami niliambiwa hivyohivyo, na walioniambia walikuwa wananipenda. Nuru akafika miaka minne na nusu ndipo nikamfikisha panapostahili. Simuombei Baba Babu asubiri.

Kaka, ADOS si mashini wala sindano. Nuru alifanyiwa Nairobi. Ni chumba, mkeka, sanduku la vitu vya kuchezea, na mama mmoja aliyekaa chini kama mwenzake. Nami nilikuwemo, nimeambiwa nikae pembeni nisimsaidie. Hapo ndipo pagumu! Kila Nuru akinyamaza ulimi wangu ulikuwa unawasha.

Alipuliza povu la sabuni likaruka, kisha akaacha. Hakusema kitu, akamtazama Nuru tu. Akajaza upepo puto, akaliachia likavuma chumba kizima, akalishika tena akangoja. Akawasha mdoli mmoja wa betri akiwa ameuficha kando. Mimi nilidhani anaangalia kama mtoto atafurahi. Kufurahi Nuru alifurahi sana, aliruka mpaka akagonga ukuta. Baadaye yule mama akanieleza kuwa furaha si alichokuwa akikitafuta. Alikuwa anangoja jicho litoke kwenye puto, lije kwake, lirudi kwenye puto: kwamba "umeliona? fanya tena." Nuru alilitazama puto na kuutazama mkono ulioshika puto. Uso, hakuufikia.

Halafu ikaja sherehe ya kuzaliwa ya mwanasesere. Keki ya udongo wa kuchezea, mishumaa, kuimba, kupuliza. Mwanangu hajawahi kuona keki ya mishumaa maishani mwake, kwetu anajua harusi na maulidi. Alichukua keki akailamba. Nikajisemea basi, ameanguka. Nikamwambia yule mama waziwazi: hichi kitu sisi hatuna. Akaniambia mishumaa haimpi wala haimnyimi alama, anaangalia kama mtoto anamlisha yule mwanasesere, kama anaingia kwenye mchezo, kama anampa mtu kipande. Nilikubali nusu. Nusu nyingine mpaka leo nasema mtoto anayejua sherehe yenyewe ana wepesi fulani juu ya asiyeijua, na mpimaji asiyelijua hilo si wa kumkabidhi mwanao.

Ilichukua kama saa nzima. Na siku hiyo hakunipa jibu. Alinihoji mimi kwanza, tangu mimba.

Bi Fatma T.

Baba Babu, wa alaykum salaam. Mimi nafanya kazi na watoto wenye ulemavu katika hospitali moja upande huu wa Malindi, kwenye tiba ya michezo na shughuli za mikono. Nitaandika kirefu, nisamehe.

Karatasi mliyosomewa, kwa unavyoieleza, ni M-CHAT-R. Ni ya kuchuja, kazi yake ni kusema "huyu atazamwe zaidi." Haina ruhusa ya kusema "huyu ana usonji," na wenyewe walioitunga hawakuipa. Na imetungwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Babu ana miezi 33. Kwa hiyo ile 9, hata ingehesabiwa sawasawa, imetolewa kwa kipimo ambacho umri wake umekipita.

Sasa kuhesabu. Maswali 17 hupata alama, yaani alama ya wasiwasi, mzazi akijibu "hapana." Matatu ni kinyume, hupata alama akijibu "ndiyo": la 2, kama umewahi kushuku mtoto ni kiziwi, la 5, kama huchezesha vidole karibu na macho yake kwa namna isiyo ya kawaida, na la 12, kama sauti za kawaida humkera. Mwenye haraka huhesabu "hapana" zote akamaliza. Nimeona hili kwa macho yangu, tena kwa watu wazuri wenye foleni ndefu mlangoni. Kama unayo ile karatasi, hesabu mwenyewe.

Jumla ya 0 hadi 2 ni hatari ndogo. Kuanzia 3 hadi 7 ni ya kati, na hapo lazima kufanywe sehemu ya pili, mahojiano: kila swali lililopata alama hurudiwa polepole kwa mifano, "nipe siku moja alipofanya hivyo." Baada ya mahojiano, yakibaki mawili au zaidi ndipo anapelekwa mbele. Kuanzia 8 anaweza kupelekwa moja kwa moja. Anapelekwa, narudia. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, wa watoto zaidi ya 16,000. Katika waliobaki juu hata baada ya mahojiano, karibu nusu tu ndio walioonekana na usonji. Lakini usinisome hapo ukaacha: takriban 95 katika kila 100 ya hao walikuwa na jambo fulani la ukuaji la kushughulikiwa, kama si usonji basi lugha, au akili kuchelewa. Yaani karatasi hukosea jina mara nyingi, ila ni nadra kukupeleka kwa mtoto asiyehitaji kitu.

Kabla ya yote, MASIKIO. Usiniambie asikia mashini ya boti. Mtoto anaweza kusikia mngurumo mzito akakosa sauti nyembamba za maneno, na mtoto wa hivyo hageuki akiitwa na haongei. Kuna kipimo cha kuwekewa kidude sikioni ambacho hakimhitaji ajibu chochote, na kingine cha kubandikwa nyaya kichwani akiwa amelala. Haviumi. Omba rufaa ya masikio kutoka hospitali yenu ya kaunti hapo Amu. Usonji na uziwi pia huweza kukaa kwa mtoto mmoja, kwa hiyo jibu la masikio halifungi mlango wa pili.

Baada ya hapo ndiyo utambuzi. Hakuna damu inayoonyesha usonji, wala picha ya kichwa. Mtu akikwambia uende ukapigwe picha ya ubongo ili ajue kama ni usonji, zuia pesa zako. Kama mtoto ana kifafa hilo ni jambo jingine. Daktari wa watoto au wa akili, au mwanasaikolojia aliyefunzwa, huchukua vitu viwili: anachokiona kwa mtoto na anachokisikia kwa walezi. Kisha huvipima kwa vigezo. Kitabu cha Wamarekani, DSM-5 cha 2013, kinataka mambo matatu ya mawasiliano na watu yawepo YOTE: kupokezana, ishara za macho na mwili, na kujenga urafiki au mchezo na wengine. Halafu angalau mawili kati ya manne upande wa tabia: kurudiarudia, kung'ang'ania utaratibu, kushikilia kitu kimoja kupita kiasi, na hisi zinazopokea kwa ukali mno au hafifu mno, kama kelele, mwanga, kugusa. Na yawe yameanza utotoni, na yawe yanamkwamisha kweli.

Vifaa humsaidia huyo mtu asisahau kitu. ADOS-2 aliyoieleza Mama Nuru ina sehemu tano na mtoto hufanyiwa moja tu, kulingana na umri na maneno aliyonayo. Babu, kwa miezi yake na uchache wa maneno yake, angefanyiwa ile wanayoiita moduli 1. Sanduku lake ni ghali, linaagizwa nje, na mpimaji sharti awe amefunzwa, ndiyo maana huku kwetu halionekani kila mahali. CARS-2, nayo ya kupimia usonji, ni nyepesi zaidi: mambo 15, kila moja hupewa 1 hadi 4, na kwa watoto wadogo jumla ya 30 ndio mpaka wa kuanza kuashiria usonji. Kufanyiwa CARS-2 na mtu mwenye uzoefu, aliyekaa na mtoto na kumsikiliza nyanya yake, si kupunjwa. Wapo wazazi wanaouza kitu cha nyumbani wakimbilie ADOS Nairobi kama kwamba ndiyo mahakama kuu. Mimi siwashauri.

Na jina. Baba Babu, hapo nilisimama. Kuitwa jina ni jambo zito katika vipimo vyote hivi. Katika ADOS mpimaji akiita asipoitikiwa, humwomba mzazi aite kwa namna ya nyumbani. Mtu kumwita mtoto kwa jina asilolijua, tena amekesha njiani, halafu akaandika "hakugeuka"... basi tu.

Baba Babu, Amu

Bi Fatma, Mungu akulipe. Picha ya karatasi ilikuwemo kwenye simu ya mama yake. Tumekaa jana baada ya isha, tukahesabu.

La 5 tulijibu hapana, la 12 tulijibu hapana, na yote mawili amehesabiwa. La 2 tulijibu ndiyo, kwa sababu ya mamangu, na hilo hakuhesabiwa. Kwa hiyo 9 toa 2, ongeza 1. Ni 8. Sitaficha, nilitaka ishuke mpaka chini kabisa.

Halafu mke wangu, ambaye hajasema neno kuhusu hii habari muda mrefu, akasema lile la 10, la kuitwa jina, yeye alijibu hapana kwa kuwa aliulizwa mbele ya mtoto aliyekuwa ameitwa jina la cheti akakaa kimya. "Nikimwita Babu nikiwa jikoni, hugeuka. Si kila mara, lakini hugeuka." Basi tukamjaribu palepale. Mimi nikamwita, akaendelea na kifuniko chake cha sufuria. Mama yake akamwita, "Babu, ndoo!" Akageuka. Tena akamwita, hakugeuka.

Sasa hilo ni ndiyo au ni hapana? Likiwa ndiyo ni 7.

Bi Fatma T.

Ndio ugomvi wa karatasi wote umeuandika hapo. Hugeuka kwa mama, mara moja katika mbili, kwa jina la mtaani, chumba kikiwa kimya. Sanduku la ndiyo na hapana haliwezi kubeba hayo, mahojiano yanaweza. Andika hivyohivyo ulivyoniandikia, mpe daktari. Hiyo ina faida kuliko 7 na kuliko 8.

Wala usiende kupigania alama kule kliniki. Kifundo cha mkono, feni, uso asioutazama akitaka maji: hayo ulituandikia mwenyewe kabla hatujajua namba yoyote, na mimi nikiyasoma nasema atazamwe, tena upesi. Jina la mwisho tuwaachie watakaomwona.

Mwalimu wa Chekechea, Amu

Salaam. Niongeze la shule. Kuna vituo vya tathmini ya elimu vya serikali, vile vya EARC, viko chini ya wizara ya elimu. Hao huangalia mtoto anahitaji msaada gani kujifunza na akae darasa lipi. Hawachukui nafasi ya daktari, wala daktari hachukui yao. Mtu asikwambie "shule maalum" kwa karatasi tu. Niliwahi kuwa na mtoto wa namna hii darasani na wenzake, akikaa karibu na dirisha, na nikiwapanga watoto kwa picha za kazi za siku badala ya kuwapigia kelele. Walionufaika na zile picha si yeye peke yake.

Halafu nataka kuuliza, Bi Fatma. Jirani yangu ana mtoto aliyepimwa utotoni na watafiti wa Kilifi, akaambiwa yuko sawa. Sasa haongei. Walikosea?

Bi Fatma T.

Mwalimu, inategemea alipimwa nini. Kuna kipimo kilichotengenezwa hapo Kilifi kwa watoto wetu hawa wa pwani, wenye vitu wanavyovijua. Ni cha watoto wa miezi 6 hadi 35, na chaangalia mwendo na kazi ya mkono na jicho: kutembea, kuruka, kupanga vitu. Kizuri sana kwa kazi yake. Mtoto mwenye usonji anaweza kukipita vizuri kabisa, kwa sababu wengi hutembea na kupanda ukuta kama wenzao. Jirani arudi tena aulize mazungumzo, asiulize miguu.

Baba Babu, Amu

Swali la mwisho, kisha nawaacha mkalale. Mtoto hushinda na mamangu. Mimi niko baharini, mama yake ana duka la vitambaa. Twende na nani? Na je, mamangu aache kombe? Nataka niende na jibu nyumbani, maana kuna vita.

Bi Fatma T.

Nenda na nyanya. Yeye ndiye mwenye habari za mchana. Akiulizwa "huonyesha kitu kwa kidole?" atajua, wewe utakisia. Na mwambie daktari kama kwenu watu huonyesha kwa kidevu na midomo, maana mtoto huiga anachokiona.

Kombe sitaligusa, hilo ni la kwenu. Ninachoomba lisiwe sababu ya kuahirisha masikio.

Kabla hamjaenda, rekodi video kwa simu, fupi fupi: akila, akicheza peke yake, akicheza na binamu zake, akitaka kitu, akikasirika. Msimwite "Babu tazama huku." Simu iwekwe juu ya kabati iachwe. Mtoto mchovu mbele ya mgeni si mtoto mnayeishi naye, na daktari mzuri atazitaka.

Na msingoje rufaa ndipo mwanze. Kuanzia kesho, akikuvuta mkono mpaka mtungini, shuka chini uso wako uwe sawa na wake, ushike kikombe karibu na jicho lako, sema "maji," ngoja kidogo, kisha mpe. Mpe hata asipotazama. Usimnyime mtoto maji ili akutazame. Watu husikia ushauri huu nusu wakafanya hivyo.

Mama Nuru, Malindi

Na mke wako mwambie anitumie ujumbe hapa ndani. Sitamhubiria. Tutaongea vitambaa kwanza.

Mjomba wa Kizingitini

Nimesoma yote. Binti yangu ana nyumba Mombasa, Majengo, chumba cha uani hakina mtu. Mkipata rufaa ya masikio huko, fikeni jana yake mtoto alale usiku mzima, asubuhi ale, ndipo aende. Feni ipo. Nitajieni siku tu nimpigie awape ufunguo.